Hélène wa Kibua na kupe wa jiko la mama yake

Padri wetu, wakatekista, Papa kapita, kiongozi wa kijiji, wazee wa Kibua, na nyinyi ndugu zetu mliofika jana kwa lori kutoka Mweso na Masisi, naomba mkae mahali mlipo, na wenye nguo safi msiogope majani yaliyolowa, yatakauka. Mimi naitwa Marcellin, ni moniteur, mwalimu wa shule ya msingi kule kwetu milimani, mdogo wake Gustave, kwa hiyo marehemu ni shemeji yangu, na familia zote mbili zimenipa kazi ya kusoma historia ya maisha yake, kwa sababu Gustave mwenyewe hawezi, na kwa sababu mimi nimezoea kusoma kwa sauti mbele ya watu wasiosikiliza. Leo nitaomba mnisikilize, maana tangu Ijumaa minong'ono imekuwa mingi, watu wa kwetu wanasema binti alipewa sumu nyumbani kwao, watu wa hapa wanasema dawa za mume wake ndizo zilizomharibia damu, na katikati yenu wamekaa watoto watatu ambao hawajui kama baada ya leo wataruhusiwa kukanyaga tena uwanja wa bibi yao. Hilo ndilo linalonisumbua tangu juzi, na ndiyo maana nimeandika yote, hata yale ambayo kwa kawaida hayasomwi mbele ya jeneza.

Hélène alizaliwa hapa Kibua mwaka 1926, majira ya kufyeka mashamba mapya, akiwa mtoto wa kwanza na wa pekee aliyeishi wa Papa Émile, mwindaji na mkulima, aliyetutangulia mwaka 1941, na wa Mama Agathe, ambaye mnamwona pale kwenye kitanda kilichotolewa nje, mguu ukiwa umefungwa vijiti. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1936, katika shapeli ile ile ambamo wageni mmelala usiku wa kuamkia leo, na mama yake ananiambia kwamba siku hiyo alikataa kuvua gauni jeupe mpaka usiku, akala ndizi za kuponda na mawese akiwa amelivaa, na gauni halikuwa jeupe tena.

Alikulia katika nyumba hii iliyo nyuma yangu, yenye paa la majani ya mangongo na jiko katikati, na kwa ajili ya wageni ni lazima nieleze kuhusu sakafu yake. Katika nyufa za udongo, karibu na mafiga, anaishi kimputu, yule kupe wa nyumbani ambaye wengine humwita papasi, mwenye ngozi kama ya kiatu kikuukuu, anayejificha mchana, na taa ikizimwa anatoka, anamuuma aliyelala chini, anashiba, anarudi zake. Ndani ya kupe huyo mna vijidudu vya homa, ile inayokuja siku kadhaa, ikaondoka mtu akadhani amepona, kisha ikarudi. Watoto wa hapa huikamata wangali mgongoni, wengine inawachukua, wanaobaki huizoea, na wakikua hawaisikii tena, ilhali mgeni akilala mahali hapo hapo anatetemeka mpaka meno yanagongana.

Kwa hiyo katika ukoo wa Mama Agathe kulikuwa na desturi, nayo si ya aibu, ilikuwa na akili yake. Binti akiolewa mbali, mama yake anachimba kando ya mafiga, anachukua kupe kadhaa pamoja na majivu, anawafunga katika jani la mgomba lililopashwa moto, na binti anakwenda kuwamwaga karibu na jiko lake jipya, ili wale wa nyumbani waendelee kumuuma, damu yake isisahau, naye aweze kurudi kwao siku yoyote na kulala bila hofu. Mama Agathe alifanyiwa hivyo na mama yake, naye alimfanyia Hélène.

Kuhusu masomo, alisoma shule ya masista kuanzia 1936 hadi 1941, akamaliza akijua kusoma, kushona na kujibu wakubwa, hilo la mwisho nadhani alikwenda nalo kutoka nyumbani. Mwaka 1942 alianza kujifunza kazi ya kuzalisha, na tangu 1944 alikuwa msaidizi wa wanawake wanaojifungua katika dispanseri, na hapo ndipo kaka yangu Gustave, infirmier, muuguzi kijana aliyekuwa akizunguka vijiji vya Walikale na sindano za buba, alimkuta akimfokea mwanaume mmoja aliyemleta mke wake akiwa amechelewa. Gustave aliniambia alisimama nyuma ya mlango akasikiliza mpaka mwisho. Alirudi dispanseri hiyo mara nyingi kuliko buba ilivyohitaji.

Walifunga ndoa tarehe 7 Septemba 1946, mahari ikiwa imekubaliwa vizuri na pande zote, na akapanda milimani kwetu, juu ya Mweso, kwenye maharagwe, viazi na baridi. Alifika na sanduku, na sufuria, na jani la mgomba lililofungwa kwa kamba, ambalo hakumwonyesha mtu.

Sasa hapa nitamchokoza kidogo kaka yangu, naye anajua. Hazikupita wiki nyingi baada ya harusi bwana harusi akaanza kujikuna, kisha akaanguka kwa homa, ikaondoka, ikarudi, na kwa kuwa ni mtu wa kazi yake akajitoboa kidole, akaweka damu yake mwenyewe chini ya mikroskopi, akakiona kijidudu chembamba kilichojipindapinda kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta. Akashangaa, maana nyumba ilikuwa mpya. Aliporudi kumweleza mke wake, Hélène alitazama chini, akasema kwa ile sauti ya mtoto aliyemwaga maziwa, "Nilizani itakushika kidogo tu. Kwetu inashikaka batoto."

Waligombana, mama yetu alinisimulia, halafu wakapatana kwa namna yao, Gustave akatengeneza kitanda kirefu chenye miguu iliyosimama ndani ya makopo ya mafuta ya taa, na Hélène akabaki na mkeka wake kando ya jiko pamoja na wadudu wa mama yake. Ni nani aliyemfuata mwenzake wapi haikuwa kazi yangu kujua, lakini watoto watatu wapo hapa: Hubert, aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1948, Emérita, tarehe 2 Februari 1951, na Adelaïde, tarehe 27 Oktoba 1954.

Hélène alifanya kazi vizuri milimani na watu walimpenda, lakini ni lazima niseme kwamba alipakumbuka hapa kila siku. Aliwaomba madereva wa malori wamletee mawese, na yakifika yameganda kwa baridi, aliyaweka juani akakaa kuyaangalia yakiyeyuka. Mvua ikinyesha kwenye paa letu la nyasi alisema haina sauti, kwamba mvua ya kwao inaongea juu ya mangongo na mtu analala. Tulimcheka, mimi wa kwanza, nikamwambia mvua ni mvua. Leo asubuhi ilinyesha kidogo, nikaisikia juu ya nyumba hii, na nilitamani sana angekuwepo nimwambie kwamba alisema kweli.

Desemba 1949 alimleta Hubert hapa, akiwa bado ananyonya, amwonyeshe bibi yake, wakalala wote chini karibu na jiko, na Mama Agathe alifurahi mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Waliporudi milimani mtoto alikamatwa na homa, na kwa siku kadhaa hatukujua kama tutaamka naye. Alipopona, Gustave alisema mtoto wake hatalala tena Kibua, na alisema hivyo kwa upole, jambo lililofanya iwe vigumu kumpinga. Habari hiyo ilimfikia Mama Agathe kupitia dereva wa lori. Haikufaa imfikie hivyo.

Nakuja sasa kwenye mwaka 1951. Mwezi wa tano alifika kwetu daktari Mbelgiji aliyetumwa kuchunguza homa ya kimputu, na masanduku yake, na panya weupe ndani ya vizimba, akitaka kujua kupe anaishi kwenye nyumba za namna gani, kama mbuzi, nguruwe na kuku nao wanabeba vile vijidudu, na kwa nini katika vijiji vingine wanaugua wageni tu. Wanawake hawakutaka achimbe majiko yao, mpaka Hélène alipotangulia naye mlango kwa mlango, akitoa vyungu nje kwa mikono yake. Alimtazama kijidudu kwenye mikroskopi kwa muda mrefu, akasema, "Njo huyu? Mama yangu anakulaka naye ugali miaka yote." Daktari aliomba atafsiriwe, akacheka.

Daktari huyo alieleza mambo mawili ambayo Hélène hakuyasahau. La kwanza, kwamba kupe mama humrithisha mtoto wake vile vijidudu ndani ya yai, hata kabla hajauma mtu. La pili, kwamba homa hii kwa mwanamke mjamzito huvuka mpaka kwa mtoto tumboni, na mara nyingi mimba hutoka.

Mnamfahamu jirani yetu Karangwa, yule pale mwenye kofia mkononi, na mke wake Annonciata. Walifika kutoka Rwanda mwaka 1947, na wakati Karangwa akijenga, Annonciata alilala kwa Hélène, kando ya jiko, kwa kuwa palikuwa na joto na alikuwa mjamzito. Alipata homa, ikaondoka, ikarudi, na mimba ikatoka. Watu walisema ni baridi ya milima. Hélène ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto na kuzika kilichozikwa. Sasa, miaka minne baadaye, alimsikia daktari akieleza, akaomba ruhusa atoke nje, akaenda moja kwa moja kwa Annonciata, akamwambia yote, kuhusu jani la mgomba na majivu. Annonciata amenipa ruhusa nisome hili. Anasema alimjibu, "Hukujua. Na mimi sikujua. Kaa, kula."

Jioni hiyo Hélène alichimba jiko lake mwenyewe, akawatoa kupe wa mama yake mmoja mmoja, akawatia ndani ya chupa, akampa daktari, na wapuliza dawa walipokuja nyumba yake ilikuwa ya kwanza kufunguliwa. Kabla daktari hajaondoka alimuuliza swali moja tu: mtu aliyezoea, akiacha kuumwa, kinga yake inadumu muda gani. Daktari alijibu kwamba labda mwaka mmoja, labda miwili, na kwamba bado hakuna aliyepima vizuri. Gustave alikuwepo, alisikia jibu. Naye Hélène alilisikia.

Tangu hapo alikuja Kibua mara mbili, 1953 na 1955, bila watoto, na Gustave alimwomba alale kwa katekista, kwenye kitanda. Alilala huko. Mchana alikaa na mama yake, wakichambua uyoga, wakicheka, na jua likishuka aliaga. Mama Agathe, uniwie radhi nikisema maneno yako mwenyewe, ulimwambia jirani, "Binti yangu analalaka kwa katekista sawa mukaguzi wa serikali." Ukakataa nyumba yako kupuliziwa dawa, kila walipopita ukakataa, kwa sababu kupe wale ulipewa na mama yako, na ukiwaua hungejua tena wewe ni mtoto wa nani. Mimi wakati ule niliita hilo ukaidi. Nimekaa katika uwanja huu tangu Jumatano na sasa siliiti hivyo.

Julai mwaka huu Mama Agathe alianguka na mzigo wa kuni, akavunjika mguu. Hélène alifika tarehe 6 Agosti, akiwa na mimba ya miezi mitano. Gustave alikuwa amempakilia kitanda ndani ya lori, na makopo manne, na kibuyu cha mafuta ya taa, akamwambia asilale chini hata mara moja, na Hélène akamjibu, "Mie si mugeni kule, Gustave. Ile nyumba inanijua." Kitanda kilifika salama. Ndicho kile anacholalia Mama Agathe sasa, kwa sababu siku ya kwanza tu Hélène aliona kwamba mguu uliovunjika hauwezi kushuka na kupanda kutoka mkekani, akamweka mama yake juu, na yeye akatandika mkeka chini, karibu, ili akiitwa usiku asikie.

Mama Agathe anasema usiku ule walizungumza mpaka moto ukazimika, wakauwasha tena, wakaendelea. Anasema binti yake alilala vizuri kama alivyokuwa akilala utotoni, mkono chini ya shavu, na kwamba yeye mwenyewe hakulala, alibaki kumwangalia, kwa kuwa hakuwa amemwona akilala tangu mwaka ule wa Hubert.

Homa ilianza karibu na tarehe 18 Agosti, ikaondoka, na Hélène akamwambia mama yake ni uchovu wa safari. Ikarudi mwishoni mwa mwezi. Iliporudi mara ya tatu katekista alimpandisha lori mpaka Walikale, na tarehe 10 Septemba tone la damu yake likatazamwa pale dispanseri, vijidudu vikaonekana, matibabu yakaanza, lakini aliomba sana arudishwe kwa mama yake aliyekuwa peke yake, wakamrudisha na infirmier akamsindikiza. Gustave na mimi tulifika tarehe 11, Jumatano, na penisilini. Homa ilishuka. Alhamisi mimba ilitoka, damu haikusimama, na yeye aliyesimamisha damu za wanawake wengi alimwelekeza mume wake la kufanya, kwa sauti ndogo, mpaka aliposhindwa kuongea. Aliaga dunia Ijumaa, tarehe 13 Septemba 1957, alfajiri, mkono mmoja ukiwa kwa Gustave na mwingine ukiwa juu kitandani, kwa mama yake.

Kwa hiyo hamna sumu, ndugu zangu wa milimani, na dawa za Gustave hazikumuua, ndugu zangu wa Kibua. Alikuja kumtunza mama yake, akalala mahali alipozaliwa, na damu yake ilikuwa imeshasahau. Mwenye kutaka kumlaumu mtu aje kwangu baada ya misa, nitampa kiti na tutaongea mpaka achoke, lakini asimwendee Mama Agathe.

Familia inamshukuru infirmier wa Walikale na wenzake, katekista na mke wake waliotoa vitanda vyao, wanawake wa Kibua wanaopika tangu Ijumaa, wafanyakazi wa dispanseri yetu, dereva aliyesafiri njia mbaya bila kuuliza chochote, na Karangwa na Annonciata waliofunga nyumba yao wakaja. Wageni wote walale tena shapelini leo, tafadhali, asiwepo wa kujaribu ushujaa.

Kuna jambo moja zaidi, nalo nimeliongeza asubuhi ya leo kwa penseli. Mama Agathe alimwita Gustave kabla ya jua kuchomoza, akamwambia alete ile dawa ya kupuliza, ipulizwe nyumba nzima, jikoni na katika kila ufa. Gustave alimweleza ukweli, kwamba kupe wakifa hata yeye atapoteza kinga, atakuwa mgeni kwenye nyumba nyingine zote za ukoo wake, hataweza kulala kwa dada zake tena. Mama Agathe akajibu, nami nilikuwepo, "Niko muzee, sitatembea tena. Bajukulu bangu banilalie hapa karibu." Gustave aliitikia kwa kichwa. Wapulizaji watafika kabla ya mwezi huu kuisha, na shule zikifungwa kwa ajili ya Noeli nitawaleta mwenyewe Hubert, Emérita na Adelaïde, na mikeka yao.

Shemeji yangu, tumekukosa, na tutaendelea kukukosa. Usihangaike tena na safari. Pumzika hapa kwenu kwa amani, watoto watalala kwa mama yako.